Pilipili Juu ya Bati

Kwetu pilipili si kiungo. Ni mboga.
Mgeni huomba aonje kwa ncha ya ulimi,
nasi tunampakulia bakuli.

Kwa hiyo mwezi wa tisa Paro nzima ina mapaa mekundu.
Ukisimama ng'ambo ya mto utadhani
vijiji vyenyewe vimeanikwa vikauke.

Napanda ngazi na kapu mgongoni,
kira nimeikunja hadi magotini.
Bati limeshika joto. Namwaga, nasambaza kwa kiganja,
moja moja, zisilaliane,
maana zikilaliana usiku mmoja tu
asubuhi unakuta ukungu, na harufu ya soksi.
Mama mkwe yuko chini,
ameishika ngazi isiyohitaji kushikwa.
"Yenye kikonyo kilichovunjika itupe!"
Sizitupi. Naziweka kando, tutazila wiki hii.

Za kijani ni kazi nyingine.
Maji yakitokota unazitumbukiza,
unavuta pumzi tatu, unazitoa,
unazipasua kwa urefu, unaliachia jua.
Siku ya tano zimekuwa nyeupe kama karatasi ya barua.
Mama mkwe, Gyem, hazitaki.
"Hizo ni maiti za pilipili," husema,
kisha mwezi wa kwanza, theluji ikifika dirishani,
namwona anazisaka sufuriani kwa kijiko.

Mwaka huu nilipanda miche mia mbili, kama kila mwaka.
Sikukumbuka kupunguza.
Kichwa kinajua kwamba Choki yuko Perth,
anageuza wazee wa watu vitandani zamu ya usiku,
kwamba nduguye Tandin alimfuata mwezi wa nne.
Mkono haujui. Mkono ulichimba mashimo ya watu sita.
Tumebaki wanne, na mmoja hana meno.

Alhamisi wingu likatoka nyuma ya mlima bila hodi.
Nikapanda mbio, na jirani Namgay akapanda lake,
kila mtu na turubai lake,
tukitukanana na mvua.
Kapu likaniponyoka. Likabingirika bati zima,
pilipili zikamwagika hadi zizini;
ng'ombe akainusa moja, akapiga chafya,
akanitazama kama hakimu.
Nilicheka peke yangu kule juu, nimelowa chapachapa,
nikageuka nimtafute wa kumsimulia.

Zilizookoka nimezitunga.
Sindano ya magunia, uzi wa katani,
unatoboa kikonyo, hutoboi nyama.
Mashada kumi na saba chini ya dari;
ukipita na kichwa chako yanachakarika,
kama watu wanaotaka kusema jambo kanisha wanaahirisha.
Vidole vinawaka hadi viwiko.
Jana usiku nilijisahau, nikafikicha jicho.

Na jana hiyohiyo Choki alipiga simu, picha ikikwamakwama.
Nilikuwa nakaanga tatu kavu, mafuta yakilia.
Moshi ukapanda. Gyem akakohoa, nikakohoa,
na kule Perth, katika chumba chenye zulia,
mtoto akaziba pua, machozi yakamlengalenga.
"Pilipili usizozila zakuwashiani?" nikamtania.
Hakucheka.
"Mama," akasema, "isogeze simu karibu na sufuria."

Nikaisogeza. Nikatia jibini, ikaanza kuyeyuka,
kioo kikajaa mvuke.
Sikumwona tena. Nilimsikia tu
akivuta hewa kwa pua, polepole,
kana kwamba waya hupitisha harufu.

Nilimwacha hivyo mpaka wali ukaiva.

"Mtumie zile maiti," Gyem akasema kutoka kwenye mkeka wake,
hata hakuinua uso.
"Ni nyepesi kwa posta."